Mtakatifu Brendan, Baharia wa Mungu: Historia na Simulizi za Msimamizi Wetu



Kwa miaka 25 jina la Mtakatifu Brendan limekuwa midomoni mwetu. Tumelishona kwenye bendera, tumelichapa kwenye fulana za safari, na kila mazoezi tumeyafunga kwa kuomba maombezi yake. Hata hivyo wengi wetu tukiulizwa Brendan ni nani, tunajibu kwamba ni yule aliyesoma Misa juu ya mgongo wa nyangumi, kisha tunacheka. Vijana wetu wa sekondari hawacheki. Wanauliza: je, ni kweli? Na kama si kweli, tunamwimbia nani?

Katika vikao vya kuandaa Yubilei hii ya Fedha swali hilo lilizaa pendekezo. Baadhi yetu walisema kwamba wakati umefika tumchukue Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki wote, kuliko kushikilia mtakatifu wa visiwa vya mbali ambaye habari zake ni nusu historia, nusu ngano. Pendekezo hilo halikutolewa kwa dharau, na halistahili kujibiwa kwa dharau. Ndiyo maana tumeandika kurasa hizi. Tutaeleza kwanza yale ambayo historia inayashuhudia, kisha yale ambayo wazee wa zamani waliyasimulia, na mwisho tutasema kwa nini kwaya inayahitaji yote mawili.

MTOTO WA PWANI YA KERRY

Brendan alizaliwa karibu mwaka 484 katika nchi ya Kerry, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tralee, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Ireland. Hapo ndipo nchi kavu ya Ulaya inapoishia. Ukisimama ufukweni ukitazama machweo, mbele yako ni bahari ya Atlantiki peke yake.

Ukristo ulikuwa bado mchanga katika kisiwa hicho. Mtakatifu Patrick alikuwa amehubiri huko katika karne hiyohiyo ya 5. Hakukuwa na miji. Watu waliishi kwa koo, kila ukoo na mkuu wake, na utajiri wa mtu ulipimwa kwa ng'ombe wake. Palikuwa pia na desturi ya kumpeleka mtoto alelewe katika nyumba nyingine, ili akue na wazazi wawili zaidi na ukoo mmoja zaidi.

Kwa mujibu wa mapokeo, Brendan alibatizwa na Askofu Erc, na akiwa bado mdogo sana akakabidhiwa kwa Mtakatifu Ita, mama mkuu wa masista wa Killeedy katika nchi ya Limerick. Alikaa kwake miaka 5. Ita alilea watoto wengi waliokuja kuwa viongozi wa Kanisa, hata Waayalandi wakamwita mama mlezi wa watakatifu wa Ireland. Brendan hakumsahau maisha yake yote. Wasimulizi wanasema kwamba hata alipokuwa mzee mwenye jina kubwa, akikwama alirudi kwa Mama Ita kuuliza afanye nini.

Baadaye alirudi kwa Erc kusoma, akasoma pia kwa Mtakatifu Jarlath wa Tuam, na karibu mwaka 512 Erc akampa daraja ya upadre. Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ya kuanzisha monasteri. Alianzisha Ardfert katika nchi yake ya Kerry. Karibu mwaka 560, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alianzisha Clonfert karibu na mto Shannon, iliyokuja kuwa shule mashuhuri. Kule Annaghdown alianzisha nyumba ya masista iliyoongozwa na Briga, dada yake wa damu. Mikononi mwa dada huyo ndipo alipofariki karibu mwaka 577, na mwili wake ukazikwa Clonfert. Sikukuu yake ni tarehe 16 Mei.

ALISAFIRI KWELI?

Ndiyo, alisafiri. Ushahidi ulio bora zaidi unatoka kwa Adomnán, abate wa kisiwa cha Iona, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Columba mwishoni mwa karne ya 7, yaani kama miaka 120 baada ya Brendan kufa. Adomnán anaeleza jinsi waanzilishi wanne wa monasteri za Ireland walivyovuka bahari kumtembelea Columba katika kisiwa cha Hinba, Uskoti. Mmoja wao ni Brendan. Siku ya Bwana, Columba alipokuwa akiadhimisha Misa, Brendan aliona mwali mkali ukiwaka juu ya kichwa chake. Adomnán hasimulii habari hiyo ili kumsifu Brendan, anamsifu Columba. Kwa hiyo anapomtaja Brendan kama abate avukaye bahari, anataja jambo ambalo wasomaji wake walilijua tayari.

Kwa nini abate aache monasteri yake na kupanda mashua? Wamonaki wa kwanza wa Misri, akina Mtakatifu Antoni, walikuwa wamekwenda jangwani kumtafuta Mungu. Ireland haina jangwa. Ina mvua, nyasi na bahari. Kwa hiyo bahari ikawa jangwa lao. Katika jamii ambayo mtu bila ukoo si kitu, kuiacha nchi yako kwa hiari kwa ajili ya Kristo ilikuwa sadaka kubwa kuliko zote. Waliuita uhamisho huo kuwa ni hija, ingawa wengine hawakujua wanahiji wapi. Walipandisha tanga na kuuachia upepo wa Mungu uchague.

Walifika mbali. Dicuil, mmonaki wa Ireland aliyeandika kitabu cha jiografia mwaka 825, anasema kwamba alizungumza na makleri waliokaa katika kisiwa cha kaskazini tangu tarehe 1 Februari hadi tarehe 1 Agosti. Kisiwa hicho wataalamu wengi wanakubali kuwa ni Iceland. Makleri hao walimwambia kwamba huko wakati wa kiangazi hakuna giza usiku, hata mtu anaweza kuwatoa chawa katika shati lake kana kwamba ni mchana. Mtu aliyesoma habari vitabuni tu hawezi kubuni jambo kama hilo la chawa. Dicuil anataja pia visiwa vilivyojaa kondoo, ambako wakaapweke kutoka Ireland walikuwa wameishi kwa karibu miaka 100 kabla ya kufukuzwa na maharamia wa kaskazini.

Na vyombo vyao? Vilikuwa na mifupa ya mbao iliyofungwa kwa kamba, na juu yake ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa magome ya mwaloni, zikashonwa pamoja na kupakwa mafuta. Ndugu zetu wa Lamu, ambao mababu zao walishona mtepe kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, hawatashangaa kusikia kwamba chombo cha kushonwa huvuka bahari kuu.

SAFARI YA MIAKA SABA

Sasa tunafika kwenye simulizi. Miaka 200 au zaidi baada ya kifo cha Brendan, mwandishi asiyejulikana aliandika kwa Kilatini kitabu cha Safari ya Mtakatifu Brendan Abate. Kitabu hicho kilipendwa mno. Nakala zaidi ya 100 za mkono zimebaki hadi leo katika maktaba za Ulaya, na kilifasiriwa katika lugha nyingi tangu zama za kati.

Kinaanza jioni moja, Brendan anapotembelewa na abate mwenzake aitwaye Barrind. Barrind anamsimulia juu ya Nchi ya Ahadi ya Watakatifu, iliyo upande wa magharibi nyuma ya ukungu mzito, ambako hakuna usiku. Brendan anachagua wamonaki 14, wanafunga, wanajenga mashua ya ngozi, wanapakia chakula cha siku 40. Wakiwa tayari kung'oa nanga wanakuja wengine watatu mbio, wanapiga magoti mchangani na kuomba wachukuliwe. Brendan anawachukua, lakini anawaonya kwamba mmoja wao atapata mwisho mwema na wawili watapata shida. Walimu wetu wa kwaya wameipenda sana sehemu hii. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Siku ya Alhamisi Kuu wanafika katika kisiwa cha kondoo wakubwa kama ng'ombe. Usiku wa Pasaka wanatia nanga kwenye kisiwa kitupu kisicho na nyasi wala mchanga. Wamonaki wanashuka na kukesha wakisali. Brendan anabaki mashuani, kwa sababu anajua wasilolijua. Asubuhi baada ya Misa wanawasha moto chini ya chungu, na kisiwa kinaanza kuyumba. Wanakimbilia mashuani, nacho kisiwa kinaondoka zake na moto ukiwaka mgongoni. Ni Jasconius, samaki mkubwa kuliko wote. Basi wanaosema kwamba Brendan alisoma Misa juu ya mgongo wa nyangumi wanakosea kidogo: kitabu kinasema Misa yake aliisomea ndani ya mashua.

Kisha wanafika kwenye kisiwa chenye mti mkubwa uliofunikwa na ndege weupe, kiasi kwamba majani hayaonekani. Ndege mmoja anaruka na kutua mbele ya Brendan. Anamwambia kwamba wao ni malaika walioanguka pamoja na anguko la yule mkuu wa zamani, ingawa hawakushiriki uasi wake. Na siku takatifu wanapewa miili ya ndege ili wamsifu Muumba wao. Jioni inapofika, ndege wote wanaimba Zaburi kwa sauti moja huku wakipigapiga mabawa. Wanaimba masifu ya jioni, sala za usiku, masifu ya asubuhi, kila saa na Zaburi yake. Wamonaki wanakaa hapo hadi baada ya Pentekoste.

Noeli wanaipata katika kisiwa cha jumuiya ya Mtakatifu Ailbe. Wamonaki 24 wa kisiwa hicho wameishi huko miaka 80 bila kuongea neno. Ukimya huo unavunjwa na jambo moja tu, nalo ni kumwimbia Mungu.

Wanaona pia makubwa mengine: nguzo ya kioo safi iliyosimama baharini, ambayo msomaji wa leo anaitambua kuwa ni mlima wa barafu unaoelea, na mlima unaotapika moto na moshi. Wanamkuta mtu aliyekaa peke yake juu ya mwamba, akipigwa na mawimbi. Ni Yuda Iskariote. Anasema kwamba mwamba ule ndio pumziko lake. Kristo kwa huruma yake humpa nafuu siku za Jumapili na sikukuu kubwa. Mbele yake kinaning'inia kitambaa, kwa sababu zamani alimpa mwenye ukoma kitambaa. Pepo wanapokuja jioni kumrudisha mateso, Brendan anawazuia hadi asubuhi. Hawezi kumwokoa, lakini anampa usiku mmoja.

KISIWA CHA KWAYA TATU

Kuna kisiwa kimoja ambacho kila mwanakwaya anapaswa kukijua. Ni tambarare, hakina miti, kimefunikwa na matunda meupe na ya zambarau. Juu yake wanatembea waimbaji wa makundi matatu: watoto waliovaa nguo nyeupe, vijana waliovaa samawati, na wazee waliovaa zambarau. Kundi moja linasimama na kuimba huku mengine yakisonga mbele, wanapokezana bila kuacha, kutwa nzima, Zaburi kwa Zaburi.

Wamonaki wanasikiliza hadi mwisho. Kisha vijana wawili wanaleta kapu la matunda na kuomba wapewe ndugu yao. Ndugu huyo ni mmoja wa wale watatu waliochelewa. Brendan anambusu, anamwambia kwamba heri saa aliyochukuliwa mimba na mama yake, na kumwacha pale aimbe pamoja nao. Mashua inaondoka na kiti kimoja kitupu.

Katika miaka hii 25 nasi tumeviona viti vitupu. Tumewasindikiza kwa nyimbo wenzetu wa soprano, alto, tena na besi, na kila mara mazoezi yaliyofuata yalikuwa magumu, kwa sababu sauti moja ilikosekana mahali ambapo sikio lilikuwa limeizoea. Kitabu cha Brendan hakisemi kwamba ndugu yule alipotea. Kinasema alihamia kwaya nyingine, ambako watoto, vijana na wazee wanaimba pamoja, na wimbo haukatiki.

JE, ALIFIKA MAREKANI?

Vijana wetu wamelisoma hili mtandaoni na wanataka jibu. Mwaka 1976 msafiri na mwandishi Tim Severin alijenga mashua ya ngozi kwa kufuata maelezo ya kitabu. Alitumia ngozi 49 za ng'ombe na nyuzi za kitani, na urefu wake ulikuwa kama mita 11. Tarehe 17 Mei mwaka huo yeye na wenzake waling'oa nanga katika hori ya Brandon, chini ya mlima Brandon wa Kerry, ambao una jina la mtakatifu wetu. Walipitia visiwa vya Uskoti na Faroe, wakakaa Iceland majira ya baridi, na tarehe 26 Juni 1977 wakafika Newfoundland, Kanada. Barafu iliwatoboa njiani, wakashona kiraka wakiwa baharini.

Hilo linaonyesha kwamba safari iliwezekana. Halionyeshi kwamba Brendan aliifanya. Hakuna masalia ya wamonaki wa Ireland yaliyothibitishwa katika Amerika, na sisi hatutasimama mbele ya watoto wetu kudai kisichothibitishwa. Wachora ramani wa zamani waliweka Kisiwa cha Mtakatifu Brendan katikati ya bahari. Kimo hata katika tufe la dunia la Martin Behaim la mwaka 1492, na mabaharia walikitafuta kwa karne nyingi bila kukipata. Walikisoma kitabu cha sala kana kwamba ni ramani.

KUTOKA PWANI ILE HADI KWETU

Hata hivyo desturi ya Waayalandi kuiacha nchi yao kwa ajili ya Injili haikuishia katika simulizi. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Edel Quinn, msichana wa nchi ya Cork mwenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu, alikuja mwaka 1936 kueneza Legio ya Maria. Alizunguka Afrika Mashariki hadi alipofariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, naye amezikwa huku kwetu. Mapadre wa Kiltegan, wana wa shirika la Mtakatifu Patrick lililoanzishwa mwaka 1932, walitumwa pia nchini kwetu. Mmoja wao, Joseph Brendan Houlihan, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Eldoret, na jina la baharia wetu lilikuwa ndani ya jina lake. Hao hawakutafuta kisiwa cha dhahabu. Walipandisha tanga, na Mungu akachagua upepo.

KWA NINI TUNABAKI NAYE

Tunarudi kwenye swali la vikao vyetu. Kwanza, tukimwacha Brendan kwa sababu ya simulizi, hatutapata nafuu kwa Sesilia. Bikira huyo shahidi tunamheshimu na kila tarehe 22 Novemba tunaimba kwa heshima yake. Lakini uhusiano wake na muziki unatokana na simulizi ya maisha yake, inayosema kwamba siku ya arusi yake, vyombo vilipokuwa vikilia, yeye alimwimbia Mungu moyoni. Kanisa halijaona haya kupokea fundisho kupitia simulizi.

Pili, tazameni jinsi safari ile ilivyokwenda. Miaka 7 Brendan hakusonga mbele kwa mstari ulionyooka. Kila mwaka Alhamisi Kuu ilimkuta kwenye kisiwa kilekile cha kondoo, Pasaka kwenye mgongo wa samaki yuleyule, Pentekoste kwa ndege walewale, Noeli kwa jumuiya ileile. Walipomrudia Jasconius mwaka wa pili walikuta chungu chao bado kiko mgongoni. Walizunguka na kuzunguka, na siku moja ukungu ukafunguka, wakaingia katika nchi ya mwanga. Walitembea humo siku 40 hadi wakafika kwenye mto wasioweza kuuvuka. Kijana mmoja akawaambia kwamba Mungu aliwachelewesha makusudi, ili awaonyeshe siri zake katika bahari kuu. Kisha akawaagiza warudi nyumbani.

Mwanakwaya anaijua safari hiyo. Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, Pentekoste, kisha tena Majilio. Nyimbo zilezile, mazoezi yaleyale jioni baada ya kazi, besi walewale wanaoshuka mapema. Mara nyingi tumejiuliza kama tunafika popote. Mwandishi wa kitabu kile anatujibu kwamba mzunguko wa mwaka wa Kanisa ndiyo safari yenyewe. Mtu haingii Nchi ya Ahadi kwa kuuruka mzunguko; anaingia kwa kuuzunguka kwa uaminifu hadi Mungu afungue ukungu.

Tatu, kuna simulizi moja ya uzee wake. Siku ya Pasaka kijana mmoja alikuja Clonfert na kinubi akaomba ampigie abate. Brendan alitoa nta aliyoziba masikioni, akasikiliza kidogo, akambariki kijana, kisha akairudisha nta. Walipomuuliza sababu, alisema kwamba siku moja malaika katika umbo la ndege alimwimbia hadi siku ya pili, na tangu hapo muziki wa dunia haukumkolea tena. Tunaweza kuicheka. Lakini alimsikiliza yule kijana, na alimbariki. Nasi tunapoimba Jumapili, yupo benchi la nyuma mtu ambaye masikio yake yameshajaa vingine: madeni, msiba, ugonjwa. Akitoa nta kwa ubeti mmoja tu, tumefanya kazi yetu.

Wapendwa, kwa watoto wetu tunasema hivi: Brendan aliishi, alikuwa padre na abate, alivuka bahari, alianzisha nyumba za sala na elimu. Mengine ni wimbo ambao Kanisa liliutunga juu yake, na wimbo huo unasema kweli kwa namna ya nyimbo. Tunaingia mwaka wa 26 tukiwa mashua ileile, na msimamizi yuleyule.

Mtakatifu Brendan, utuombee.